Posho, Kibarua na Mafuta Mingi: Kampuni za Jinja na Watu Wake

Historia ya biashara nchini Uganda huandikwa zaidi kwa tarakimu: marobota ya pamba, tani za sukari, faida na hasara, hisa za serikali na hisa za wenyewe. Walimu wa uchumi wana haki ya kuiandika hivyo. Lakini sisi tunaofundisha lugha tunao mlango wetu wa kuingilia katika nyumba hiyo hiyo, nao ni maneno. Kampuni inapoishi na watu kwa miaka mingi huwaachia maneno, na maneno hayo hubaki vinywani hata baada ya kampuni yenyewe kufilisika, kutaifishwa au kuuzwa. Ukiyasikiliza vizuri yatakueleza jinsi tajiri alivyomtazama mfanyakazi, na jinsi mfanyakazi alivyomtazama tajiri. Hata hilo neno tajiri lenyewe lina habari yake: kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, lakini katika Kiswahili cha kazini likawa ni mwajiri, yule anayekulipa.

Ukanda ninaouzungumzia ni mfupi. Unaanza Jinja penye Mto Naili, unapita Bugembe yalipo makao makuu ya ufalme wa Busoga, unafika Wairaka, kisha Kakira penye mashamba ya miwa. Ni mwendo wa nusu saa kwa matatu. Hata hivyo katika mwendo huo mdogo kuna karibu mambo yote yaliyowahi kutokea kati ya kampuni na wananchi katika nchi hii.

Tuanze na ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria, Busoga na Buganda pamoja, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia kutoka ufukweni. Kusini mwa Busoga, mahali palipokuwa na migomba na vijiji, pakarudi kuwa pori. Katika nchi hiyo iliyopungukiwa na watu ndimo Muljibhai Madhvani, kijana wa Kigujarati aliyewasili Uganda mwaka 1908 akiwa bado hajatimiza miaka ishirini, aliponunua ekari 800 huko Kakira mwaka 1918. Kiwanda cha sukari kilifunguliwa mwaka 1930. Upande wa pili wa mto, Nanji Kalidas Mehta alikuwa ametangulia kwa kujenga kiwanda cha Lugazi mwaka 1924. Wasifu wa matajiri hawa wawili husimuliwa kama hadithi za watu waliotoka dukani wakafika kiwandani kwa bidii zao, na bidii hiyo siibezi. Ila msomaji akumbuke kwamba shamba kubwa halikuota mahali patupu. Liliota mahali palipofanywa patupu.

Tatizo la Madhvani na Mehta halikuwa ardhi bali watu. Msoga au Mganda wa miaka ya 1920 alikuwa na shamba lake la pamba. Alipanda, alivuna, aliuza, alilipa kodi, akabakiwa na chochote cha kununulia nguo na baiskeli. Kwa nini aende kukata miwa ya mtu mwingine tangu alfajiri? Hapo awali serikali ilikuwa na kasanvu, kazi ya kulazimishwa yenye ujira mdogo, lakini kasanvu ilifutwa mwaka 1922. Tangu hapo mwenye shamba kubwa alilazimika kuwatafuta watu wasiokuwa na zao la kuuza, na watu hao walikuwa mbali: Walugbara na Waaluri kutoka Nile Magharibi, Wanyarwanda na Warundi waliovuka mpaka, pamoja na wengine kutoka upande wa Kenya. Tukumbuke pia kwamba Nile Magharibi haikukosa pamba kwa bahati mbaya tu. Ilikuwa mbali na reli, na wakoloni waliona vema ibaki kuwa hazina ya vibarua na askari.

Mtu aliyetembea siku nyingi kuja Kakira hana migomba ya kukata jioni. Lazima alishwe. Ndipo likaja neno posho.

Katika Kiswahili cha pwani posho ni chakula kinachopimwa na kugawiwa mtu anayefanya kazi: askari, mpagazi, baharia. Wapagazi wa misafara walipewa posho. Mashamba, reli, jeshi na magereza vikairithi desturi hiyo, na kwa kuwa unga wa mahindi ni rahisi kununua, rahisi kupima na hauozi upesi, posho ikawa unga wa mahindi. Leo nchini Uganda posho si mgawo tena, ni ugali wenyewe. Mtu huenda sokoni kununua posho na hupika posho, na mwanafunzi wa bweni hula posho na maharage tangu Februari hadi Desemba. Mtanzania akisikia neno hilo hilo hufikiria bahasha ya mkutano, kwa maana kwao posho imekuwa fedha za vikao na safari, na wananchi wamewahi kuwalalamikia sana wabunge wao kwa ajili yake. Neno ni moja lakini limepita njia mbili. Tanzania lilipanda kwenda kwa mkubwa mezani, Uganda lilishuka likabaki kwenye sufuria ya kibarua. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaeleza jambo hili, kisha huanza kukumbuka kwamba katika nyumba nyingi za Kibantu za kusini posho haikuwa chakula cha heshima. Mgeni huandaliwa matoke, au viazi vitamu kwa Wasoga. Posho ilikuwa chakula cha shule, jela, jeshi na kambi, yaani chakula cha mahali ambapo mtu hakujichagulia.

Kibarua nalo ni neno la kuchunguza. Ni barua ndogo. Mombasa na Unguja mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi siku hiyo, akakipeleka kwa karani akalipwa. Polepole jina la karatasi likamhamia aliyeishika, mtu akaitwa karatasi yake. Sidhani kama kuna mfano bora zaidi, katika lugha yoyote ninayoifahamu, wa kuonyesha jinsi biashara inavyoweza kumwona mtu. Kinyume chake ni mshahara, ambao asili yake ni Kiarabu na maana yake ni malipo ya mwezi. Kati ya kibarua na mwenye mshahara palikuwa na mpaka ulioonekana kwa macho: aina ya nyumba, mahali pa kupanga foleni, na kama mke wako anaruhusiwa kukaa nawe.

Aliyesimamia vibarua alikuwa mnyapara. Neno hili lilikuja na misafara ya Wanyamwezi, likafika Buganda na Busoga likawa nnampala. Jambo la kufurahisha ni kwamba halikufa pamoja na misafara. Leo mnadhimu mkuu wa serikali bungeni, yule anayewahimiza wabunge wa chama tawala wahudhurie na kupiga kura inavyotakiwa, huitwa kwa Kiluganda nnampala wa gavumenti. Nani kasema watu hawakumbuki?

Sasa tufikirie kambi ya Kakira jioni moja ya miaka ya 1940. Mlugbara, Mnyarwanda, Mjaluo na Mgisu wanakaa safu moja. Karani ni Mhindi, mnyapara huenda ni Mganda. Watazungumza nini? Si Kiluganda, kwa kuwa wengi wao hawakijui na Kiluganda kina heshima zake zinazohitaji muda kujifunza. Kiingereza ni cha wachache. Kigujarati ni cha ofisini. Kiswahili ndicho kilichobaki, nacho kilikuja kimefupishwa: leta, peleka, kata, haraka, funga, bado, kesho. Lugha ya vitenzi vya kuamrisha. Nimewahi kuwasikia walimu wenzangu wakilalamika kwamba Waganda na Wasoga huchukia Kiswahili kwa sababu ya jeshi na wezi wenye silaha. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kabla ya jeshi la miaka ya 1970 kulikuwa na kambi, reli na ghala la pamba, na huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kutumwa. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kienezwe mashuleni na katika utawala, Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi mwaka 1929, na maaskofu wa makanisa walikuwa upande huo huo. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za siasa na dini. Lakini hoja yao ilipata masikio kwa wepesi, kwa maana mwananchi wa kawaida alikuwa ameshamwona anayesema lugha hiyo, na alimwona akiwa na jembe la mtu mwingine mkononi.

Hata hivyo haifai kuishia kwenye amri. Kambini watu walioana, walizaa, walizikana, walianzisha vyama vya kuchangiana fedha, na wanawake wa Kilugbara walipika kwete na kuiuza kwa watu wa makabila yote. Mambo hayo nayo yalifanywa kwa Kiswahili, na hapo hakikuwa cha amri. Kilikuwa na utani, na mtu mzima akiitwa mzee na mama fulani kama inavyostahili. Watoto waliozaliwa Kakira na Lugazi walikua na Kiswahili ambacho hakuna kitabu kilichowafundisha. Kadhaa kati ya wajukuu zao ndio hao wanaoketi madarasani mwetu, wakiambiwa na sisi kwamba wanasema vibaya.

Umeme ulileta awamu nyingine. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954, na serikali, kupitia Shirika la Maendeleo la Uganda lililoundwa mwaka 1952, ilitaka Jinja iwe mji wa viwanda. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, maarufu kama Nytil, kilianzishwa wakati huo kwa ushirikiano na kampuni ya Manchester. Baadaye Jinja ilipata viwanda vya bia, shaba, chuma na karatasi. Tunayo bahati kwamba watafiti walikuwepo. Cyril na Rhona Sofer walichapisha uchunguzi wao kuhusu mji wa Jinja mwaka 1955, na Walter Elkan aliandika kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku, kisha mwaka 1960 akatoa kitabu kuhusu wahamiaji wa kazi wa Uganda.

Elkan alijibu lalamiko ambalo mameneja wa wakati ule walilirudia kila siku: kwamba Mwafrika hatulii kazini, anafanya miezi michache kisha anarudi kwao. Mameneja walidhani ni tabia. Elkan alionyesha kwamba ni hesabu. Mshahara wa mji haukutosha kulisha mke na watoto, na hakukuwa na kitu cha kumshika mtu akizeeka ila shamba lake nyumbani. Mwenye akili angeliachaje? Basi akamwacha mke akilima, yeye akaja peke yake, akaondoka alipohitajika. Kwa maneno mengine, shamba la mke huko kijijini ndilo lililomwezesha tajiri wa Jinja kulipa mshahara mdogo. Hili ni jambo ambalo mahesabu ya mwaka ya kampuni hayakuwa na safu ya kuliandika.

Zipo kampuni zilizoelewa hesabu hiyo mapema. Kakira ilijenga nyumba, shule, hospitali na viwanja vya michezo. Chuo cha Wairaka kina jina la Muljibhai Madhvani hadi leo. Wako wanaosema huo ulikuwa ukarimu wa familia moja, na wako wanaosema ulikuwa ujanja wa kumfunga mfanyakazi asiondoke. Mimi sioni sababu ya kuchagua. Mfanyakazi aliyefundishwa kuendesha mtambo kwa miaka mitatu ni ghali kumpoteza, na mtoto aliyetibiwa katika hospitali ya shamba amepona vile vile. La kuuliza ni nani alikuwa na uwezo wa kukataa. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo aliyefukuzwa kazi Jumatatu hakuwa na pa kulala ifikapo mwisho wa wiki. Shule ilikuwa ya kampuni pia. Ukarimu wa namna hiyo una mkono mmoja wa kutoa na mwingine wa kushika, na waliouishi wanaukumbuka kwa namna zote mbili. Wazee waliofanya kazi Kakira katika miaka ya 1960 husifu utaratibu wa wakati ule, na katika maongezi hayo hayo hukutajia vyeo ambavyo Mwafrika hakuvifikia.

Hapa inafaa kuingia dukani, kwani wengi hawakukutana na Mhindi kiwandani, walikutana naye kaunta. Duka, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi na Uarabuni, liliingia Kiluganda na Kisoga likawa edduuka. Tangu siku za Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916 baada ya kutandaza maduka kutoka pwani hadi Uganda, mtindo ulikuwa mmoja: mfanyabiashara mkubwa humpa bidhaa kwa mkopo ndugu au jirani wa kwao, naye huenda kufungua duka dogo ndani kabisa ya nchi. Maisha yao hayakuwa ya anasa. Walilala nyuma ya duka, wakala dengu, wakalipa deni. Lakini mkopo ulifuata udugu, na Mwafrika hakuwa ndugu. Alipata kazi ya kubeba, kupima na kufagia. Vitabu vya hesabu vya maduka mengi viliandikwa Kigujarati. Kijana aliyefanya kazi dukani miaka kumi alijua bei zote, aliwajua wateja wote, lakini hakujua duka linadaiwa kiasi gani na nani.

Upande wa pamba ulikuwa mbaya zaidi. Wenye viwanda vya kuchambua pamba, Wahindi na Wazungu, waligawana maeneo kwa idhini ya serikali katika miaka ya 1930, hivyo mkulima wa Busoga au Bukedi hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mzigo wake. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mwaka 1949 ghasia zilipozuka Buganda, mojawapo ya madai yalikuwa kwamba Waafrika waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe. Vyama vya ushirika vilitokana na uchungu huo. Kwa wenzetu wa Mbale, Chama cha Ushirika cha Bugisu cha mwaka 1954 kilikuwa njia ya kuichukua mizani ya kahawa na kuiweka mikononi mwa wakulima, ingawa serikali zilizofuata, ya mkoloni na ya uhuru, hazikuacha kuiingiza mikono yao humo. Mwaka 1959 Augustine Kamya na wenzake waliitisha mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika huko Buganda. Serikali ilikipiga marufuku chama chao, lakini maduka mengi ya vijijini yalifungwa na wenyewe wakahamia mijini.

Nimeyaeleza haya kwa sababu bila hayo hatuwezi kuelewa kwa nini tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliposema mbele ya askari mjini Tororo kwamba Wahindi wataondoka, watu wengi walishangilia. Walipewa siku 90. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka, karibu 28,000 kati yao wakaenda Uingereza. Manubhai Madhvani aliwekwa katika gereza la kijeshi la Makindye kabla ya kuondoka nchini. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwemo waliozaliwa Jinja na wasiojua mji mwingine, walimu waliofundisha watoto wa Kisoga, na mafundi wasiomiliki hata baiskeli. Mahmood Mamdani, aliyekuwa mmoja wao, ameandika kwamba Waasia hawakuwa tabaka moja, na kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu siasa na matabaka nchini Uganda bado kinafaa kusomwa na kila anayedhani neno Mhindi linatosha kuwaeleza wote.

Maduka yaligawiwa. Kamati zilizogawa zilijaa maofisa wa jeshi, na waliogawiwa hawakuwa wale vijana waliopima na kufagia miaka kumi, bali askari, jamaa zao na watu waliojuana nao. Wananchi wakawapa jina: mafuta mingi. Walimu wenzangu wataona kosa papo hapo. Mafuta ni ngeli ya ya-, kwa hiyo ni mafuta mengi. Mingi ni ya miti na mikate. Lakini sarufi ya kosa hili ni sahihi kabisa kihistoria, kwa sababu ni Kiswahili cha kambi, ghala na kwata, Kiswahili cha wale waliopewa maduka, kikirudishwa kwao na wasiopewa. Ukilisahihisha neno hili umelifuta. Yeyote aliyenona bila kutoa jasho aliitwa hivyo, na Waganda, ambao tunaambiwa hawapendi Kiswahili, walilitumia kuliko watu wote.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali, kwamba mwenye duka mpya alikuta mashati yameandikwa 14, 15 na 16, akadhani ni bei kumbe ni vipimo vya shingo, akauza yote kwa shilingi hizo. Kisa kinachekesha lakini nakitilia shaka, au tuseme natilia shaka kazi kinayofanya. Kinawafanya watu waamini kwamba biashara ilikufa kwa sababu Mwafrika hakujua kusoma namba. Biashara ilikufa kwa sababu minyororo ya mkopo kati ya duka, muuzaji wa jumla na mwagizaji wa Mombasa ilikatika siku moja, na kwa sababu aliyepewa duka alijua kwamba aliyempa anaweza kumnyang'anya kesho. Mwenye hofu hiyo haagizi bidhaa nyingine. Anauza iliyopo, kisha anauza rafu.

Sukari inatupa tarakimu. Mwaka 1968 Uganda ilizalisha tani 152,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilikuwa karibu vimesimama kabisa, na nchi iliyokuwa na ziada ya sukari ikaiagiza kutoka nje. Katika miaka hiyo sukari ilikuwa kitu cha kupanga foleni na cha kuomba kwa mkubwa. Ilipotea madukani ikaonekana kwenye magendo. Neno hili nalo ni Kiswahili, na halikumaanisha tu kuvusha kahawa ya Bugisu usiku kwenda Kenya. Lilimaanisha uchumi wote wa mlango wa nyuma: karani aliyeuza karatasi ya idhini, askari aliyekodisha lori la jeshi, mama aliyebadilisha sabuni kwa unga. Wataalamu waliandika tasnifu juu ya magendo, kwa mfano Nelson Kasfir mwaka 1983, na wakaliacha neno kama lilivyo kwa kukosa la kulitafsiri. Wakati huo huo Amin alikuwa amekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, baada ya wilaya 12 kati ya 20 kukichagua dhidi ya Kiluganda. Kwa hiyo lugha yetu ilipanda cheo katika mwaka uleule ambao rafu za maduka zilianza kubaki tupu. Sina shaka kwamba sadfa hiyo ilitudhuru.

Familia ya Madhvani ilirudi mwaka 1985, kwa ubia na serikali, na kiwanda kikafufuliwa kwa mikopo mikubwa ya nje. Baadaye familia ikakimiliki chenyewe tena. Safari hii mtindo wa kupata miwa ulibadilika: mbali na shamba lake, kampuni ilianza kununua miwa kwa maelfu ya wakulima wadogo wa Busoga. Yule Msoga ambaye babu yake alikataa kukata miwa ya mtu kwa sababu alikuwa na pamba, sasa pamba haipo na anapanda miwa kwenye ardhi yake mwenyewe. Bei ikipanda, anajenga. Bei ikishuka, au lori la kubebea likichelewa, miwa hukauka shambani na nyumbani hakuna viazi, kwa maana ardhi yote imekwisha. Viwanda vingine na vinu vya sukari guru vimeongezeka, wakati mwingine vikigombea miwa na wakati mwingine vikiikataa. Mizani bado ni ya mnunuzi. Vijana wanaoacha shule kwenda kukata na kupakia miwa wanaitwaje? Vibarua.

Na ile silaha ya 1959 haijasahaulika. Mwaka 2007, serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kiwanda cha Lugazi, watu walihimizana kwa ujumbe wa simu wasinunue sukari ya Lugazi. Hadi hapo ilikuwa ni raia na kampuni, na kampuni ililazimika kusikiliza. Lakini maandamano ya tarehe 12 Aprili mjini Kampala yaligeuka ghasia, watu wakapoteza maisha, akiwemo mtu wa asili ya Kihindi aliyekuwa akipita njiani na ambaye hakuwa na hisa wala msitu. Hasira dhidi ya kampuni ilikuwa imeteleza tena ikaangukia sura za watu. Buganda na Kanisa la Uganda walijitolea ardhi nyingine badala ya msitu, na mpango ukasimamishwa.

Kwa walimu kuna jambo la kufanyia kazi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika katiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe katika shule zote. Vitabu vinavyotumika vimejaa dhow, nazi na karafuu. Ni vitu vizuri, lakini mtoto wa Mafubira au Kakira hajawahi kuviona. Msamiati wa kazi alionao nyumbani, tangu posho hadi nnampala, haumo kitabuni hata kama kosa la kusahihishwa. Katika muhula ujao darasa la isimujamii litaanza kukusanya maneno ya mashamba, viwanda na maduka ya Jinja, Iganga na Mbale kutoka kwa wazee waliofanya kazi huko. Tunahitaji neno, maana yake, mahali lilipotumika, na nani alimwambia nani. Walimu wa shule za sekondari wenye wanafunzi wanaotoka kambini wanaombwa kuleta waliyo nayo ofisini kwa idara kabla ya likizo, yaandikwe yalivyosemwa, makosa na yote.